Vyuma havimdumazi mtoto

Ndugu yangu unayeanza kufundisha vijana vyuma hapa Lamu, wazazi watakwambia mtoto akinyanyua uzito harefuki tena, tumelisikia hili tangu utotoni na si kweli. Mfupa hurefukia kwenye gegedu, ile sehemu laini iliyo karibu na ncha zake, na mazoezi yenye msimamizi hayaidhuru, kinachoumiza ni kushindana kubeba kizito au chuma kumwangukia mtu hana wa kumshikia. Na hawa hawa wavulana wabeba mifuko ya simiti pale gatini hakuna anayewaonyesha mgongo ukae vipi, hilo ndo lanitia wasiwasi zaidi. Wewe anza na pushapu na kuchuchumaa, halafu uzito mwepesi anaorudia mara 10 hadi 15 bila kupinda mgongo, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, na akianza kuyumba mpunguzie.