Umekisoma wewe au umesikia kwa mwenzio?

Kila wiki nakaa na wanafunzi wa masters na tasnifu zao hapa Mombasa, na kosa linaloniuma zaidi kwenye marejeleo si koma wala nukta, hizo twarekebisha dakika mbili, ni mtu kutaja kitabu ambacho hajawahi kukishika.

Juzi binti mmoja kaniletea sura ya pili, yahusu nyumba za Mji wa Kale, kaandika vizuri mashallah, halafu mwisho wa aya kuna mabano, jina la mwandishi, 1976. Nikamuuliza mwanangu, hiki umekipata wapi, maana hata mimi nakitafuta. Kanyamaza. Kumbe alichosoma ni makala ya mtu mwengine ya juzijuzi, PDF iko kwa simu, huyo ndo alokinukuu.

Jamani, sisi hili tumelisikia tangu madrasa. Hadithi ina sanadi yake, fulani kapokea kwa fulani naye kapokea kwa fulani, huwezi kumruka wa katikati ukajifanya ulikuwepo. Na huku ni hivo hivo. Kwa APA, mmojawapo wa mitindo ya kuandika marejeleo, ndani ya mabano unamtaja mwandishi wa asili na mwaka wake, halafu unasema amenukuliwa na nani, mwaka gani, na kule mwisho kwenye orodha anaingia yule ulomsoma peke yake. Kwa sababu wa katikati akiwa kageuza maana, nawe umeapa kwamba ulisoma asili, kosa lake limekuwa lako.

Na wazee je? Mzee ulokaa naye barazani akakueleza jambo, humuweki kwenye orodha, msomaji hawezi kwenda kumfungua kama kitabu. Unamtaja mle mle ndani, jina, mawasiliano binafsi, tarehe. Lakini kama ni mhojiwa wa utafiti wako, hiyo ni data, jina unalificha kama mlivyokubaliana.

Kubadilisha maneno pia hakukuondolei deni, wazo ni lake bado, mtaje. Ila kwamba Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, hilo lajulikana, usinijazie mabano.

Yule binti nilimwambia akitafute. Ilimchukua wiki tatu, kakipata maktaba, kaja na ukurasa kaupiga picha, tukausoma pamoja. Ile sentensi ilikuwa yazungumzia nyumba za Lamu.