Jairoskopu ya simu haipimi pembe

Wengi huamini kuwa simu ikigeuzwa nyuzi 90, jairoskopu iliyomo ndani, yaani kihisio cha mzunguko, husoma 90. Sivyo. Hupima kasi ya mzunguko tu, yaani nyuzi ngapi kwa sekunde. Wala hakuna gurudumu linalozunguka humo, kama lile la jairoskopu za zamani. Kuna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka, na simu ikigeuka, nguvu ya Coriolis, inayotokea kitu kinaposogea ndani ya kitu kinachogeuka, hukisukuma pembeni. Programu ndiyo huipata pembe, kwa kujumlisha kasi hiyo mfululizo. Hapo ndipo penye tatizo kubwa: kosa dogo la kila kipimo nalo hujumlishwa, hata simu iliyotulia mezani ikaonekana inageuka polepole. Kihisio cha mchapuko (badiliko la kasi), ambacho pia huhisi mvutano wa dunia, husahihisha mwinamo. Mwelekeo wa simu kulingana na kaskazini husahihishwa na kihisio cha sumaku.