Mkono Unakumbuka, Mwenyewe Kasahau

Kliniki yetu ya magonjwa ya neva haipitishi wiki bila kusikia neno hili: "Mama anajifanya kasahau." Kijana mmoja alimleta mama yake na ushahidi kabisa, kipande cha ukili ambacho bibi huyo alikisuka asubuhi ileile. Chane zimekaana, ukingo umenyooka, rangi hazijakosea zamu hata mara moja. Mwenyewe ameketi kitini, na kwa mara ya nne anatuuliza kama baba watoto amerudi kutoka baharini. Mumewe alikwisha kuzikwa miaka sita nyuma.

"Sasa, daktari," akasema kijana, "mtu aliyesahau msiba wa mumewe anakumbukaje kusuka ukili?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Wachunguzi wa ubongo nao zamani walikwama kwenye swali hilohilo, na aliyewakwamua ni mgonjwa mmoja wa Marekani aitwaye Henry Molaison.

Henry alisumbuliwa na kifafa tangu utotoni. (Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumshika mgonjwa. Bado tunaletewa watu walioungua motoni kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.) Mwaka 1953, Henry akiwa na miaka 27, daktari William Scoville wa Hartford alimfanyia upasuaji na kumwondolea nyama ya ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kulia na kushoto. Humo ndimo ilimo hipokampasi, sehemu iliyojipinda ambayo wataalamu wa kale waliifananisha na farasi wa baharini, ndipo ikapata jina hilo. Degedege zilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kuweka jambo jipya kichwani. Ukimsalimu, ukatoka, ukarudi baada ya dakika chache, wewe ni mgeni. Mtafiti Suzanne Corkin alimchunguza kwa zaidi ya miaka 40, na Henry akimwona alidhani labda walisoma shule moja. Hata hivyo akili yake ilikuwa timamu: alizungumza vizuri, alifanya mzaha, aliwakumbuka wazazi wake na mambo ya utoto wake.

Aliyelifungua fumbo ni Brenda Milner, mtaalamu kutoka Montreal, Kanada. Alimpa Henry karatasi yenye nyota iliyochorwa kwa mistari miwili sambamba, akamtaka apitishe penseli katikati ya mistari hiyo bila kuigusa. Mkono ulifichwa, akawa anauona kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone: unataka kwenda juu, penseli inashuka, na kwenye kila kona ya nyota mkono unagoma kama punda. Henry naye aliboronga mwanzoni. Akarudia na kurudia kwa siku tatu, na makosa yakapungua siku hadi siku, kama yangepungua kwako au kwangu. Siku ya tatu alichora karibu bila kosa, naye akashangaa kuona kazi ni rahisi, maana kwa hesabu yake hakuwahi kuishika karatasi ile.

Kumbe kumbukumbu si ghala moja. Matukio, kama nani kaja, nani kafa, nimekula nini, yanahitaji hipokampasi ili yahifadhiwe. Ustadi wa mikono una njia zake nyingine ubongoni, na kisu cha Scoville hakikuzifikia. Maradhi ya Alzheimer, chanzo kikubwa cha usahaulifu mkali uzeeni, huanza kwa kuila hipokampasi na jirani zake. Ndiyo maana bibi anapoteza habari ya jana huku vidole vikipandisha na kushusha chane bila yeye kuvitazama.

Henry alifariki mwaka 2008, na mwaka uliofuata ubongo wake ukakatwa vipande vyembamba 2,401 huko San Diego ili uendelee kuchunguzwa. Sijui ni wangapi kati yetu wamefundisha watu wengi kiasi hicho bila kukumbuka somo hata moja.

Kijana tulimwambia hivi. Usimwambie mama "si nimeshakuambia?", kwa sababu kwake hujamwambia. Kila ukimpa habari ya kifo cha mumewe, anafiwa upya. Mwulize habari za huyo mzee na chombo chake, atakusimulia hadi jua lichwe. Jiko la mkaa na dawa viwe mbali naye. Ukindu mwachie. Kisha tukamchukua vipimo, maana si kila usahaulifu ni Alzheimer: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya muda mrefu, sonona, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, vyote huweza kumsahaulisha mzee, na vyote vina tiba. Anayesema "ni uzee tu" au, vibaya zaidi, "ni uchawi", huenda anamnyima mtu dawa.

Vipimo vya mama huyu havikuonyesha lolote kati ya hayo. Miezi michache baadaye kijana alipita kuchukua dawa, akatuambia ukili umetosha na mkeka umeshonwa. Walipoutandaza sebuleni, mama aliupapasa kwa kiganja, akausifu, akauliza kausuka nani.