Kidung'ata wa muhogo ni mdudu gani, na mwili wake umekaaje

Ushawahi kuona mti wa muhogo wakati wa kiangazi, kule juu kwenye ncha majani yamejikunja yakajikusanya kama ngumi, pingili zimebanana utadhani shina limekatazwa kurefuka, alafu ukiyafunua yale majani kwa kidole unakuta kitu cheupe kama unga kinachonatanata? Watu wengi wanadhani ule ni ukungu, wanaenda dukani wanauziwa dawa ya ukungu, wanapulizia, na wiki mbili baadae hali ni ile ile au mbaya zaidi. Manake kile cheupe ni wadudu, tena wadudu wenye mwili wa ajabu sana ukiwaangalia kwa karibu, na mi naamini ukishauelewa huo mwili mambo mengi ya shambani yanajieleza yenyewe.

Anaitwa kidung'ata wa muhogo, kwa jina la kisayansi Phenacoccus manihoti. Kwao ni Amerika ya Kusini, pande za Paraguay, Bolivia na Brazil ya kusini magharibi. Muhogo nao asili yake ni bara hilo hilo, Wareno wakauleta Afrika karne ya 16, lakini mdudu hakuja nao, alibaki kwao miaka zaidi ya 400 mpaka mwaka 1973 alipoonekana karibu na Kinshasa na Brazzaville. Mtaalamu wa Ufaransa, Danièle Matile-Ferrero, ndo alimwelezea na kumpa jina mwaka 1977, na vielelezo alivyotumia vilitoka Congo. Yaani mdudu wa Paraguay aliandikishwa jina lake kwa vielelezo vya Brazzaville kabla mtu yeyote hajajua kwao ni wapi, na hili litatuletea matatizo huko mbele.

Sasa tuanze na ukoo. Yuko kwenye kundi kubwa la wadudu gamba, ambao ni ndugu wa vidukari na inzi weupe, wote kazi yao ni kunyonya utomvu. Wameitwa wadudu gamba kwasababu wengi wao jike akishapata sehemu nzuri anatulia hapo moja kwa moja, anajifunika gamba, na kwenye koo nyingine miguu inapotea kabisa mpaka ukimwangalia huwezi kusema ni kiumbe hai, unaona kidoa tu kwenye tawi la mchungwa. Vidung'ata ni tawi mojawapo la kundi hilo lakini wao hawakufika huko, badala ya gamba gumu wanavaa unga wa nta na miguu yao wamebaki nayo, wanatembea mpaka uzee.

Jike mzima ana urefu wa milimita 1 mpaka 2 na nusu hivi, kwaiyo chukua kichwa cha pini ndo uwe kipimo chako. Umbo lake ni la yai lililobonyezwa kidogo kwa juu. Ukiufuta ule unga mweupe unakuta ngozi ya pinki, na hiyo pinki naomba uikumbuke. Kichwa, kifua na tumbo vipo lakini hakuna shingo wala kiuno kama cha siafu au nyigu, vyote vimeungana kuwa kitu kimoja, kinachokuonyesha kwamba mwili umegawanyika ni ile mistari inayokatisha mgongoni kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mabawa hana na hatakuja kuwa nayo. Macho anayo mawili, ya kawaida tu, moja kila upande wa kichwa.

Mbele ya kichwa kuna vipapasio viwili, kila kimoja kwa kawaida kina vipande 9 vilivyoungwa kama shanga. Hapa watu wa maabara wanahesabu kweli kweli, manake mtoto aliyetoka kwenye yai ana vipande 6 tu, kwaiyo kipapasio peke yake kinakusaidia kujua unaangalia mtoto au mtu mzima. Miguu ni sita, yote inalingana, kila mmoja unaishia na kucha moja, na ndani ya huo ukucha, upande wa chini, kuna kijino kidogo sana. Hicho kijino ni alama ya jenasi yake, Phenacoccus, ukikikosa basi una mdudu mwingine mkononi. Anapumua kwa jozi mbili tu za matundu, zote ziko chini ya kifua kwenye usawa wa miguu, tofauti na panzi ambaye ana safu nzima ya matundu mpaka tumboni.

Tuje kwenye mdomo, na hapa tukae kidogo kwasababu mdomo ndo mdudu mwenyewe. Ukimgeuza chali unaona katikati ya miguu ya mbele kuna kama kifuko kifupi chenye ncha, hicho ni mdomo wa chini, lakini hakichomi, kazi yake ni kuongoza tu. Vinavyochoma ni nyuzi nne nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele wako mara nyingi, mbili za nje zinatoboa na mbili za ndani zimeshikana ubavu kwa ubavu zikaacha mifereji miwili katikati, mmoja wa kushushia mate na mmoja wa kupandishia utomvu. Nyuzi hizo zikiungana zinakuwa kama sindano moja. Na ni ndefu kuliko unavyotegemea kwa mwili ule, kwaiyo asipozitumia anazikunja ndani ya kimfuko maalum kilichopo kifuani, kama vile fundi anavyoviringisha futi yake ya chuma ikarudi kwenye kasha. Akitaka kula anazitoa taratibu, anapenya katikati ya seli za jani mpaka afike kwenye mishipa inayobeba sukari.

Mate yake ndo chanzo cha ile ngumi ya majani. Yanavuruga ukuaji wa ncha, pingili zinakuwa fupi, majani yanajikunja, na majani yakijikunja yeye anapata nyumba yenye kivuli ambayo mvua wala jua havimfikii vizuri. Kisamvu hapo hakuna tena, na kule Congo ambako majani ya muhogo ndo mboga ya kila siku, sombe au pondu, watu walipigwa mara mbili, jikoni na shambani kwa pamoja.

Utomvu una sukari nyingi na protini kidogo sana, kwaiyo ili apate cha kujengea mwili inabidi anywe mwingi kupita kiasi. Utumbo wake umejipanga kwa hilo, sehemu ya mwanzo na ya mwisho zimegusana na kujikunja pamoja, maji yanavuka moja kwa moja kwenda nje bila kuzunguka utumbo mzima, kinachobaki ndo kinasagwa. Alafu tumboni ana kiungo kingine ambacho mimi nikikifikiria nastaajabu, ni kama nyumba ya bakteria, wanaishi ndani ya seli zake na wanamsaidia kupata asidi amino ambazo utomvu hauna za kutosha, na mama anawarithisha watoto wakiwa bado mayai. Bila wao mdudu huyu asingeweza kuishi kwa utomvu peke yake.

Maji ya sukari yanayozidi yanatokea nyuma. Kwenye tundu la haja kuna pete yenye vinyweleo, yaani vitundu vya kutolea nta, na vinywele virefu sita vimesimama kuizunguka, vinasaidia tone litoke mbali na mwili, kwasababu mdudu mdogo hivyo akigandwa na tone lake mwenyewe anaweza kuzama. Yale matone ndo yanayonata kwenye majani ya chini, ndo yanaita sisimizi, na ndo yanaoteshea ule ukungu mweusi kama masizi ambao wakulima wanaulalamikia.

Nta nayo ina hadithi yake. Ngozi yote ina vinyweleo vidogo sana, na havifanani. Kuna vyenye vyumba vitatu, hivi vimetapakaa mwilini na vinatoa ule unga wa kila siku. Kuna vyenye vyumba vingi vilivyopangwa duara, hivi viko zaidi tumboni na vinahusika na wakati wa kutaga. Kuna vyenye vyumba vitano, hivi viko upande wa chini, na kuna vijibomba vinavyotoa nyuzi za nta. Pembeni mwa mwili, kuuzunguka wote, kuna jozi 18 za vishungi vya miiba mifupi yenye vinyweleo katikati yake, kwa vidung'ata wengine hapo ndo zinapotoka zile nyuzi ndefu nyeupe kama mkia au ndevu, lakini kwa huyu wa muhogo nyuzi ni fupi sana, zinaonekana kama vinundu tu, hivyo ukikuta kwenye muhogo kidung'ata mwenye mikia mirefu jua huyo ni mwingine.

Hii nta inakataa maji. Inamzuia asikauke kiangazi, inamlinda na matone yake mwenyewe, na ukimpulizia dawa ya kawaida ya maji inateleza kama maji kwenye jani la magimbi. Ndo maana nasema kujua mwili kwanza, dawa baadae. Mgongoni pia ana jozi mbili za vimpasuo kama midomo midogo, moja mbele na moja nyuma, akisumbuliwa anatoa kitone cha majimaji yanayonata ambayo adui mdogo akiyagusa anahangaika kujifuta. Kinachomshinda ni mvua kubwa, inampiga na kumwosha, ndo maana masika anapungua na kiangazi anafurika.

Madume hana. Narudia, hana. Kila kidung'ata wa muhogo utakayemwona ni jike, anazaa majike bila kupandwa, na kila mmoja akikomaa anajitengenezea nyuma yake mfuko wa mayai wa nta kama pamba, humo anataga mia kadhaa, 200 mpaka 600. Mayai yanaanguliwa baada ya wiki hivi, wanatoka tunutu wadogo wenye miguu inayokimbia, hao ndo wasafiri wa ukoo, wanapanda juu ya ncha, wanabebwa na upepo kwenda shamba la jirani, na sisi wenyewe tunawabeba kwenye pingili za kupandia tunazopeana kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Wanajivua ngozi mara tatu, wanakuwa wazima, karibu mwezi mmoja tu tangu yai mpaka yai. Kwaiyo mmoja, mmoja tu akifika shambani peke yake, anatosha.

Hapo ndo ile habari ya Brazzaville inarudi. Miaka ya 70 mdudu alisambaa Afrika kwa kasi, sehemu nyingine mavuno ya muhogo yalipungua kwa hadi asilimia 80, na wataalamu wakasema adui zake wa asili lazima wako kwao, twende tukawatafute. Wakatafuta kaskazini ya Amerika ya Kusini, wakakuta vidung'ata kwenye muhogo, wanafanana kabisa kwa macho, wakachukua nyigu wanaowashambulia. Nyigu wale wakakataa kabisa wadudu wa Afrika. Watu walikuwa wanakufa njaa na nyigu hawagusi chakula, kwanini?

Jibu lilikuwa mwilini. Wataalamu wa wadudu Jennifer Cox na D. J. Williams, wakiwa London, waliwaweka chini ya hadubini, na mwaka 1981 wakaandika kwamba hawa wa kaskazini ni spishi nyingine kabisa, wakaiita Phenacoccus herreni, kwa heshima ya Mswisi Hans Herren aliyekuwa anaongoza mapambano haya kwenye IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, Nigeria. Yule wa kaskazini ni wa njano, huyu wetu ni pinki. Yule ana madume, wenye mabawa jozi moja na wasio na mdomo wa kulia. Na vile vinyweleo vya vyumba vitano chini ya kichwa, huyu wetu anavyo vingi, yule vichache. Vitundu ambavyo hata kwa lenzi ya mkononi huvioni ndo vilikuwa vinasema mmetafuta sehemu siyo.

Mwaka huo huo 1981 mtaalamu Tony Bellotti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki kule Colombia, akampata mdudu mwenyewe Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo anayeitwa Anagyrus lopezi. Nyigu wakapitishwa karantini Uingereza, wakafika Nigeria, wakaachiwa mashambani mwishoni mwa mwaka ule, na miaka iliyofuata wakasambazwa nchi nyingi zinazolima muhogo Afrika, na mashamba yakapona bila mkulima kununua chupa ya dawa. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mdudu alipoibuka Thailand mwaka 2008, nyigu yule yule alichukuliwa Afrika Magharibi akapelekwa huko.

Nyigu huyu anapita katikati ya unga wote ule, anachoma ngozi na kuacha yai ndani ya mwili, funza anakula viungo vyote nilivyovitaja hapo juu mmoja baada ya mwingine, ngozi inabaki. Kwaiyo siku ukifunua ile ngumi ya majani ukakuta baadhi ya vidung'ata wamevimba, wamekauka, wana rangi ya kahawia na wagumu kama punje ya ulezi, usiwaponde na usipulizie kitu. Angalia kwa makini kama wana tundu la duara. Lililo wazi, nyigu keshatoka yuko kazini kwenye mti mwingine. Lisilokuwepo, bado yumo ndani, mwachie siku chache.