Umeme Ukikatwa kwa Zamu Lubumbashi: Nani Aandaliwe Kwanza?

Taarifa ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, inapotufikia, wengi wetu hapa Lubumbashi hukimbilia kuchaji simu na kumalizia kupiga pasi. Hakuna ubaya, lakini saa hizo chache tulizopewa zina kazi kubwa zaidi, nayo ni kumtambua mtu ambaye mwili wake hauwezi kungoja umeme urudi. Ndani ya lupango moja, yaani uwanja mmoja wa nyumba, anaweza kuwamo nkambo (babu au bibi) anayepumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, na mama anayehifadhi insulini katika friji ya jirani.

Sehemu ya umeme wa Katanga, eneo letu hili, husafiri kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa Kongo, hadi mji wa Kolwezi kwa waya wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, na sehemu nyingine hutoka mabwawa ya karibu kama Nzilo, Nseke na Mwadingusha. Mwezi wa Oktoba, joto linapopita nyuzi 30, ndipo mito huwa imepungua maji baada ya kiangazi kirefu, na umeme wa mabwawa nao hupungua. Baridi nayo ina majira yake: mji wetu uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai kipimo huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Baridi hiyo hunitia hofu kuliko joto, kwa sababu ya mbabula, jiko letu la makala. Jioni mtu huwasha makala uani, akayapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka moshi uishe na makala yawe mekundu, kisha akaiingiza mbabula chumbani, akafunga mlango na kuziba dirisha kwa kitambaa, akiamini kwamba moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. Sivyo. Makala mekundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala anaweza kufa bila kuzinduka. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa kichwa, wakisikia kichefuchefu na kizunguzungu kwa wakati mmoja, msidhani ni malaria ya kungoja asubuhi. Watoeni wote nje, kisha wapelekeni hospitali. Jenereta nayo isikae barazani wala chini ya dirisha. Mita sita kutoka nyumbani ndicho kipimo cha chini, hata kama wezi wanatutia wasiwasi.

Mtoto mchanga hupata joto salama kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na soksi na kufunikwa blanketi. Baba naye anaweza kumpokea mama anapochoka. Mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita SS, avalishwe vizuri na anywe maji ya kutosha, kwa kuwa baridi na ukosefu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu yake. Maji yenyewe yatekwe mapema, maana pampu za umeme zikisimama, robine nazo hukauka.

Kuhusu insulini, friji isiyofunguliwafunguliwa hubaki na ubaridi kwa saa nne hivi. Zaidi ya hapo, ifungeni dawa katika mfuko usiopenya maji, muiweke ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Katika ukavu wa Oktoba njia hii hupoza vizuri sana. Msiilaze juu ya barafu, kwani insulini iliyoganda imeharibika na haifai tena hata ikiyeyuka.

Anayetumia mashine ya oksijeni hawezi kusaidiwa na chungu. Familia yake imuulize daktari, siku nyingi kabla, mashine ikizimika ni kituo gani chenye mitungi ya oksijeni, na ikubaliane na jirani mwenye gari atakayeamshwa hata saa nane za usiku. Umeme ukirudi, mashine isichomekwe papo hapo, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa nguvu isiyotulia. Mgonjwa aendelee na mtungi, taa moja iachwe ikiwaka, na ikidumu dakika kumi bila kufifia wala kuruka, ndipo mashine iunganishwe.