Kitunguu Saumu Hakijui Sumu ya Uyoga

Juzi jioni nimetumiwa picha tena: beseni la uyoga mweupe, pembeni sufuria, ndani ya sufuria uyoga mmoja uliokatwakatwa na punje tatu za kitunguu saumu. Na ujumbe wa sauti: "Shikamoo mwalimu. Tumeuchemsha, kitunguu hakijageuka rangi. Tule?"

Marahaba. Msile.

Tangu mvua zianze hapa Iringa hiyo ni mara ya nne. Wa kwanza nilimweleza kwa upole. Leo naandika ili wa tano nimtumie tu haya maandishi.

Watu huamini uyoga wenye sumu hugeuza rangi ya kitunguu saumu. Kitunguu saumu hakipimi kitu. Chenyewe kikikutana na siki au ndimu huweza kugeuka kijani au bluu, bila uyoga kuwepo hata chumba cha pili. Kijiko cha fedha, ambacho wengine husema huonyesha sumu kwa kuwa cheusi, huwa cheusi kikiguswa na salfa, hata ya yai la kuchemsha, na sijaona mtu akikimbia yai. Na wale wa "ukiona umetobolewa na wadudu, ni salama": wapo nzi wadogo ambao mabuu yao hukua ndani ya uyoga wenye alfa-amanitini, sumu inayoua watu, na hawadhuriki. Wewe si nzi.

Hiyo alfa-amanitini haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika. Ubaya wake zaidi ni subira. Unakula usiku, unalala vizuri, kutapika na kuhara kunaanza saa 6 hadi 24 baadaye. Kisha unapata nafuu, unashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo "nilionja kidogo nikasubiri nusu saa" nayo si kipimo.

Sasa tufike kwenye linalonikera kweli, maana hili ni nusu kweli: "uyoga wa kichuguuni wote unalika."

Mchwa ni wakulima. Ndani ya kichuguu wanalima kuvu kwenye bustani wanazozijenga kwa vipande vya majani na miti waliyoila, na mvua zikifika kuvu hiyo hutoa uyoga tunaougombania, Termitomyces. Kwa ladha sijui wa kuushinda. Upo hata aina ambayo kofia yake hufikia mita moja. Lakini wanachokilima mchwa kiko chini. Juu ya kichuguu ni udongo tu, na kwenye udongo huota chochote. Anayesema "niliuchuma kwenye kichuguu" ameniambia aliposimama, hajaniambia alichochuma.

Chimba. Usiung'oe kwa kuuvuta, chimba. Termitomyces mkubwa una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye bustani ya mchwa, na katikati ya kofia ana ncha ngumu aliyotobolea ardhi. Ukiuvuta, mzizi unabaki chini na ushahidi unabaki nao. (Wale wadogo wanaoota mamia kwa pamoja hawana mzizi huo, kwa sababu wanaota kwenye mabaki ya bustani ambayo mchwa wameyatoa nje. Ndiyo maana sipendi kanuni za mstari mmoja.)

Anayewadanganya watu ni Chlorophyllum molybdites: mkubwa, mweupe, magamba ya kahawia juu ya kofia, pete shingoni, hupenda nyasi na viwanja vya nyumba. Atakutapisha vibaya ndani ya saa chache. Vitabu vinasema unga wake, yaani mbegu zinazodondoka chini ya kofia, ni wa kijani, na ni kweli, ila akiwa mchanga matamvua ya chini ya kofia ni meupe safi kama ya mwingine yeyote, na wachumaji wetu wanapenda wachanga. Kwa hiyo usiangalie tu. Kata kofia iliyofunguka, ilaze kifudifudi kwenye karatasi, ifunike na bakuli, ulale. Asubuhi soma rangi ya unga ulioanguka. Termitomyces huacha unga wa waridi hafifu.

Wengi hunijibu, "lakini bibi alipima kwa kitunguu." Mimi nimetembea miomboni na mabibi wengi, na sijaona aliyepima kwa chochote. Wanaita uyoga kwa jina, mmoja mmoja, na wasioujua wanaupita. Na wana mpaka wao: uyoga uliokuja na miche ya misindano kule Mufindi, bibi wa bibi hakuukuta, hana jina lake. Ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo. Ni wajukuu ndio wanaojua kila kitu.

Mimi nami nina mipaka. Ule wa njano wa chini ya mitundu na miyombo naula kila mwaka, lakini ukinitaka nitenganishe aina zake nitakosea. Wataalamu wenyewe wameshawabadilishia majina. Na Amanita mweupe wa miombo, mwenye pete shingoni na kikombe chini ya shina, huliwa sana kuanzia kwetu mpaka Zambia. Anayefuata ushauri wa Ulaya, wa kuepuka kila mweupe mwenye pete na kikombe, angeutupa wote. Najua unalika, nimeula kwa watu. Kuuchuma mwenyewe ukiwa bado umefumba, siwezi. Mkono unakataa. Niiteni mwoga.

Kupika ni kwepesi. Beba kwenye kikapu, mfuko wa nailoni unauozesha kabla hujafika nyumbani. Para udongo, suuza upesi, usiloweke. Kaanga kwenye sufuria kavu mpaka maji yake yaishe, ndipo mafuta, kitunguu maji na chumvi, na karanga zilizopondwa mwishoni. Uive kweli, mbichi usionje.

Wale wa beseni niliwaambia walaze kofia kwenye karatasi. Asubuhi wakatuma picha: unga wa kijani. Beseni wakamwaga. Kidogo baadaye ukaja ujumbe mwingine, kwamba zile punje tatu za kitunguu saumu wameziokoa, wanaziunga kwenye maharage. Nikapiga simu.