Dhamana ya serikali ni deni tangu siku inaposainiwa: somo la Msumbiji

Anayemdhamini mwenzake kwenye kikoba anajua wazi kwamba mkopaji akitoroka, wanakikundi watabisha hodi kwake. Serikali nazo hudhamini, na mlango unaobishwa hodi ni wa mlipakodi. Tofauti ni kwamba kwenye kikoba mdhamini alikuwepo siku ya kusaini.

Naichukua Msumbiji kwa sababu ndiko jambo hili limechambuliwa hadi mfupa: na wakaguzi, na Baraza la Katiba, na mahakama za Maputo, New York na London.

Kufuli lilikuwepo. Ibara ya 179 ya Katiba ya Msumbiji ya wakati huo ilitaka Bunge liidhinishe mkopo wowote wa zaidi ya mwaka mmoja wa fedha, na liweke kikomo cha dhamana ambazo serikali inaweza kutoa. Kikomo hicho huandikwa ndani ya sheria ya bajeti. Kwa mwaka 2013 kilikuwa meticais (sarafu ya nchi hiyo) milioni 183.5, takriban dola milioni 6. Mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alisaini dhamana kwa kampuni mbili za serikali: ProIndicus ya ulinzi wa pwani, ambayo deni lake lilifika dola milioni 622, na EMATUM ya uvuvi wa jodari, dola milioni 850. Mei 2014 ikaongezeka MAM, ya karakana za meli, dola milioni 535. Kwa mwaka 2013 pekee, kikomo kilivukwa zaidi ya mara 200, na Bunge halikuulizwa.

Wakopeshaji walikuwa benki za Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Jambo la kulitazama sana ni njia ambayo fedha zilipitia. Hazikuingia kwenye akaunti za kampuni zilizokopa. Benki zilimlipa mkandarasi wa boti na vifaa, kampuni ya Privinvest, moja kwa moja. Kwa hiyo kampuni za Maputo zilibeba deni la fedha ambazo hazikuziona, na mkaguzi wa ndani ya nchi hakuwa na taarifa ya benki ya kulinganisha na ankara. Kampuni ya uchunguzi ya Kroll ilipokagua, muhtasari wake uliotoka Juni 2017 ulionyesha dola milioni 500 hivi ambazo matumizi yake hayakuelezeka. Boti ya uvuvi iliyoandikiwa ankara ya dola milioni 22 ilithaminiwa na mtaalamu kuwa ya dola milioni 2 hivi.

Deni la EMATUM lilijulikana mapema kwa sababu liligeuzwa hatifungani, yaani hati za deni, na kuuzwa kwa wawekezaji sokoni. Madeni mengine mawili yalibaki gizani hadi Aprili 2016. Yaliwezaje kufichika hadi miaka mitatu? Kihasibu, kwa kawaida dhamana haihesabiwi kuwa deni la serikali mpaka mkopaji ashindwe kulipa. Inatakiwa itajwe kwenye jedwali la dhamana, pembeni. Isipotajwa hapo, vitabu vya Hazina vinafunga vizuri kabisa na hakuna hesabu itakayokataa. Hilo ndilo tundu, na lipo karibu kila nchi.

Siri ilipofichuka, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilisimamisha mkopo wake na wafadhili 14 wakasitisha misaada ya bajeti. Mei 2016 MAM ilishindwa kulipa dola milioni 178. Januari 2017 serikali yenyewe ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 59.8 kwa hatifungani iliyochukua nafasi ya deni la EMATUM. Bei za madini zilikuwa zimeshuka na kulikuwa na ukame, kwa hiyo si haki kuyatwika madeni haya lawama yote. Lakini nchi iliyopoteza imani haina pa kukimbilia mvua ikikata. Dola iliyonunuliwa kwa meticais thelathini na kitu mwanzoni mwa 2015 ilipita 75 kufikia Oktoba 2016, na mfumuko wa bei ukavuka asilimia 20. Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 23.25. Ni dawa sahihi kwa sarafu inayoporomoka, ila gharama yake hulipwa na mwenye duka aliyekopa kununua mzigo, mtu ambaye hakuwahi kuiona boti hata moja.

Upande wa uwajibikaji, kilichonigusa zaidi ni kazi ya raia. Katiba ya Msumbiji inaruhusu wananchi 2,000 kuomba Baraza la Katiba lipime uhalali wa jambo. Jukwaa la asasi zinazofuatilia bajeti, FMO, lilikusanya saini hizo. Juni 2019 Baraza likatangaza mkopo na dhamana ya EMATUM kuwa batili, na Mei 2020 likafanya hivyo kwa ProIndicus na MAM. Chang alikamatwa Johannesburg Desemba 2018, akatiwa hatiani New York Agosti 2024, na Januari 2025 akahukumiwa miaka minane na nusu. Mwaka 2021 Credit Suisse ilikubali kulipa takriban dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza na kusamehe dola milioni 200 za deni. Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua Privinvest iilipe Msumbiji fidia.

Kwa anayetaka kukagua nchi yake, aanze na kikomo cha dhamana kilichowekwa na sheria, kisha jedwali la dhamana kwenye ripoti ya deni, kisha hesabu za mashirika ya umma, shirika baada ya shirika. Mkopo uliomo kwenye hesabu za shirika na dhamana yake haimo kwenye jedwali la Hazina ni swali la kumpelekea mbunge siku hiyohiyo. Tanzania, sheria husika ni ile ya mikopo, dhamana na misaada ya serikali, Sura ya 134, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, huwasilishwa bungeni Aprili. Kenya, fuatilia dhamana ya dola milioni 750 iliyopewa Kenya Airways mwaka 2017: ilikuwa hadharani, na bado sehemu kubwa ikaishia mabegani mwa Hazina. Ukiona kampuni changa isiyo na mapato, mkandarasi asiyeshindanishwa, fedha zinazolipwa nje moja kwa moja, na neno "usalama" likitumika kuzuia maswali, simama hapo uchimbe.

Usingoje mahakama. Hukumu ya Juni 2019 ilikuta deni la EMATUM limeshabadilishwa kuwa hatifungani ya serikali yenyewe tangu 2016. Oktoba 2019 likabadilishwa tena: dola milioni 900, riba asilimia 5, ikapanda hadi 9 baada ya 2023, muda wake ukiisha 2031. Mkopo wa awali ni batili. Hatifungani hiyo serikali iliihesabu kuwa halali, na malipo yake yakaingia kwenye bajeti ya Maputo.